Nilimpeleka baba kuchanjwa, akafariki. Sasa wifi anataka nimpeleke na binti yake, kwa siri

BARUA

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mbagala na mume wangu na watoto. Kwetu ni Muheza. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume, na yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza baba baada ya mama kufariki. Nina jambo la kuamua kabla shule hazijafungwa Desemba hii, na kila ninayemweleza ananijibu kabla sijamaliza.

Nianze na 2021. Baba alikuwa na miaka 71, ana sukari na presha, vyote vya muda mrefu. Utakumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka ule. Misiba ilifuatana, na ukiuliza marehemu alikuwa anaumwa nini unaambiwa "changamoto ya upumuaji", basi. Chanjo za korona zilipoanza kutolewa Agosti, mimi nilichanja mapema. Septemba nikapata likizo fupi, nikapanda basi kwenda Muheza kwa ajili ya baba.

Baba hakuleta ubishi. Alisema tu, "Mama Samia kachanja mbele ya kamera, mimi nani?" Akavaa kanzu ya Ijumaa na baraghashia, tukaenda kituo cha afya kwa bodaboda mbili. Watu hawakuwa wengi. Wazee wenzake walikuwa kwenye mabenchi chini ya mwembe wakitaniana nani atageuka msukule wa kwanza. Akasaini fomu ya hiari kwa ule mwandiko wake wa kulala. Mkono wa kanzu ulikataa kupanda hadi begani, ikabidi aivue yote abaki na suruali na singlendi, nesi anacheka, wazee nje wanacheka. Alipochomwa akamwuliza nesi, "Mwanangu, mbona haijauma? Au dawa imeisha?" Tukaambiwa tukae kwanza waangalie hali yake, kisha tukaondoka na kadi. Usiku alipata homa na bega likamuuma. Asubuhi aliamka mzima, akadai chai. Nikarudi Dar.

Mdogo wangu hakuwepo siku hiyo, alikuwa Handeni kwenye biashara yake ya mahindi. Sikumpigia. Nilijua msimamo wake. Alikuwa mtu wa nyungu na tangawizi, na kila video ya kupinga chanjo kwenye grupu la familia ilikuwa inatoka kwake.

Mwezi na siku kadhaa baadaye baba akaanguka uani alfajiri, akienda kutawadha. Upande mmoja ukalegea, mdomo ukapinda. Hakumaliza wiki hospitali. Daktari aliandika kiharusi.

Siku ya pili ya msiba tumekaa mkekani tunapanga khitma, mdogo wangu akaingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni ambao baba alitunzia karatasi zake za matibabu. Akapekua. Akalipita daftari la kliniki ya sukari, akatoa kadi ya chanjo, akaiweka mbele ya baba mkubwa. Akasema, "Mnaulizana baba kafa na nini. Hiki hapa. Na aliyempeleka yule pale." Hakuna aliyefungua mdomo. Baba mkubwa aliikunja ile kadi akaitia mfukoni mwa koti. Tangu hapo mimi na mdogo wangu tunasalimiana kwa sababu ya watu. Nikienda Muheza nalala kwa baba mkubwa, si kwenye nyumba niliyozaliwa. Kitu pekee ambacho hatujakivunja ni watoto. Wanangu wanaenda kwake, wake wanakuja kwangu.

Sasa ndio nifike kwenye lenyewe. Aprili 2024 wahudumu wa afya walipita mashuleni kuchanja wasichana wa miaka 9 hadi 14, ile chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Mdogo wangu ana binti wa miaka 12. Siku hiyo alimzuia asiende shule, na mwalimu mkuu alipouliza akajibiwa kwamba kwetu sindano ya serikali imeshaua mmoja. Na saratani hiyo, mama mshauri, sisi tunaijua kwa sura. Mama mdogo wetu alifia Ocean Road, hospitali ya saratani. Mimi ndiye niliyekuwa nambadilisha khanga zilizolowa damu, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anatoka Muheza kuleta pesa. Hahitaji kuhadithiwa.

Wifi yangu alinipigia hivi karibuni akiwa sokoni, anaongea kwa kunong'ona. Binti atakuja kwangu likizo kama kawaida. Anataka nimpeleke akachanjwe huku huku Dar, baba yake asijue. "Wifi, mimi siwezi kushindana naye. Wewe ni dada yake, wewe unaweza." Nimemwambia nitafikiri.

Mume wangu anasema mpeleke, huyo ni mtoto wako pia. Rafiki yangu wa kazini anasema nisimguse mtoto wa mtu, hasa wa mtu huyu. Na mimi usiku nikilala simuwazi hata huyo binti. Najiuliza, je, ni kweli nilimuua baba?

Kifungua Mimba, Mbagala


JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa kufiwa na baba. Naanza na pole kwa makusudi, maana nahisi hujapewa sawasawa. Aliyetupiwa lawama mkekani watu huacha kumpa pole, wanabaki kumtazama.

Umeniuliza kuhusu binti, lakini swali la baba ndilo linalokuamsha, basi tuanze nalo. Mimi si daktari, na hata daktari hawezi kutoa cheti cha pili cha kifo kwa kusoma barua. Ninachoweza ni kukuwekea mbele yale yanayojulikana. Shehena ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19 nchini, dozi zaidi ya milioni moja, iliingia Julai 2021 nayo ilikuwa ya Janssen, kampuni ya Johnson & Johnson, ile ya kuchoma mara moja tu. Kwa Septemba ile, huenda baba alichomwa hiyo. Chanjo hiyo ilikuwa na dosari moja ambayo haikufichwa: kwa watu wachache sana ilileta kuganda kwa damu kunakoambatana na kupungua kwa chembe zinazogandisha damu. Marekani waliisimamisha tarehe 13 Aprili 2021, wakairuhusu tena siku kumi baadaye wakiwa wameongeza onyo. Waliopatwa zaidi walikuwa wanawake walio chini ya miaka 50, na kwa kawaida dalili zilianza ndani ya wiki mbili tatu. Mzee wa miaka 71, aliyeishi na sukari na presha kwa miaka, akaanguka mwezi umeshapita: picha hiyo inafanana zaidi na kiharusi ambacho presha imekuwa ikikileta tangu kabla mimi na wewe hatujasikia neno korona.

Sijakwambia haya ili ukamrushie mdogo wako. Nimetaja dosari ya Janssen pia kwa sababu katika barua yako mdogo wako anaonekana kama mtu aliyelishwa video tu. Huenda moja kati ya zile alizotuma ilikuwa na chembe ya ukweli, na hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa naye akamwambia, hapa umesema kweli, na hapa wamekudanganya. Alikuwa anabishiwa yote kwa pamoja, naye akashika yote kwa pamoja.

Halafu mtazame mazingira aliyokuwamo. Takwimu zetu za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwaka 2020, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Tarehe 27 Januari 2021 rais wa nchi, marehemu Magufuli, alisimama Chato akatuonya kuhusu hizo chanjo. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo rais mwingine, Mama Samia, akachanjwa Ikulu mbele ya taifa zima. Hiyo ni miezi sita na siku moja. Baba yako aligeuka na nchi, na wewe uligeuka, au labda hukuwa na pa kugeukia kwa sababu ulishaamini zamani. Wako waliobaki pale walipoachwa Januari, na mimi sidhani wote ni wabishi. Baadhi walikuwa watiifu tu, wakaonekana wabishi kwa sababu agizo lilibadilika.

Lakini kuna jambo ninalolipa uzito kuliko siasa zote hizo. Mdogo wako ndiye aliyekuwa akikaa na mzee. Ndiye aliyekuwa akijua anakula nini, analala saa ngapi, vidonge vimebaki vingapi. Wewe ulifika kwa basi, jambo likafanyika, ukaondoka, naye akarudi kutoka Handeni akakuta limeshakwisha. Nia yako ilikuwa njema, hilo sina shaka nalo, na baba alikuwa mtu mzima aliyeamua mwenyewe na kusaini mwenyewe. Ila najiuliza, pale alipoitupa ile kadi mkekani, alikuwa anagombana na sindano au na kutoulizwa? Na tena najiuliza kwa sauti ndogo zaidi: nani alikuwa nyumbani alfajiri ile? Wewe ulikuwa Dar. Mtu aliyeishi na mgonjwa wa presha, mgonjwa akaanguka uani, naye ana maswali yake ya usiku. Vidonge vilikuwepo? Mbona sikumsindikiza? Kadi ya chanjo inaweza kuwa ilimwokoa na maswali hayo. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hujui, na mpaka sasa umekuwa ukidhani unajua.

Umeandika mwenyewe kwamba alipopekua ule mfuko alilipita daftari la kliniki. Daftari hilo bado lipo? Mle ndani mna namba za presha za baba, mwezi kwa mwezi. Kama kuna karatasi ya kukaa nayo mbele ya daktari, nyinyi wawili au hata wewe na baba mkubwa, ni hiyo.

Sasa binti. Wifi yako anataka kinga ya mwanawe, na baada ya mliyoyaona Ocean Road namwelewa. Chanjo ya HPV hapa kwetu ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa miaka 9 hadi 14. Inalenga kirusi chenyewe, hasa aina namba 16 na 18 ambazo ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Inafanya kazi vizuri zaidi binti akiipata kabla hajaanza mahusiano. Maumivu ya mkono ni kawaida, na mabinti wengine huona kizunguzungu au kuzimia kidogo kwa hofu ya sindano, ndiyo maana huambiwa wakae kwanza. Habari kwamba inafunga kizazi haina ushahidi.

Kwa upande wa afya, basi, ombi la wifi si la ajabu. Na hiyo dozi moja ndiyo inayofanya siri ionekane rahisi: unampeleka Jumanne, Ijumaa anapanda basi kurudi, mkono umeshapoa. Ila hebu fuatana nami mbele kidogo ya hiyo Ijumaa.

Katika barua yako yote binti hajasema neno. Ana miaka 12, ameshasikia nyumbani kwao kwamba sindano ilimuua babu. Umemuuliza anaogopa nini? Akichomwa kwako, usiku akipata joto kidogo, atalala akifikiri nini? Na akirudi Muheza atakaa mezani na baba yake akiwa na siri ambayo hakuiomba. Watoto wa umri huo hutunza siri vizuri hadi siku wanapokasirika. Likitoka, wewe uko Mbagala, lakini wifi yako analala nyumba hiyohiyo. Ni yeye atakayeulizwa. Unayafahamu matokeo yake kuliko mimi, kwa kuwa unamjua ndugu yako. Na lisipotoka sasa, linaweza kutoka baadaye kwa njia mbaya zaidi: binti akivurugika hedhi, au akiolewa na mimba ikachelewa, mtu akakumbuka ile likizo. Kwa mara ya pili kadi itawekwa mkekani, na safari hii ni kweli kwamba baba mtu hakuambiwa.

Hata hivyo sitakuambia kwamba kufanya kwa siri ni uovu. Mama ni mzazi, si mwizi wa mtoto wake. Wako wanawake wengi nchi hii waliowakinga watoto wao kwa kunyamaza, na watoto hao wako hai. Kukataa nako kunaweza kuwa ni kujilinda wewe dhidi ya lawama, huku mtoto akibaki bila kinga na wewe ukijiita mwenye heshima.

Njia ya kuzungumza na mdogo wako ipo, japo haina uhakika. Mimi nisingeianzia kwenye chanjo ya binti hata kidogo. Ningeanzia kwa baba mkubwa. Mzee aliyeiona kadi ikitupwa mbele ya watu, akaikunja akaiweka mfukoni bila kusema lolote, alikuwa anazuia jambo lisikue. Hujawahi kumuuliza alifikiri nini siku ile? Akikubali kuwakalisha, kaeni kwa habari ya baba tu. Mwulize mdogo wako ile asubuhi ilikuwaje, umsikilize hadi mwisho, hata akikuumiza. Ukiwa na la kusema kuhusu kutompigia simu, litakuja lenyewe. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika upya na kumzuia binti asije likizo. Na katika mazungumzo hayo jina la wifi lisitajwe kabisa. Alichokueleza sokoni kibaki kwako hata mkikosana, hata mkipatana na furaha ikawazidi.

Kuhusu muda, binti ana miaka 12. Kampeni ya mashuleni imepita, ila umri uliolengwa hajautoka. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe uulize wazi: aliyekosa siku ya shule anahudumiwaje, na mpaka lini? Swali hilo halimfungi mtu yeyote. Ukiambiwa bado nafasi ipo, utajua kwamba Desemba si mlango wa mwisho, na pengine utapumua. Lakini kusubiri nako kuna hatari yake. Jambo lililoahirishwa mara moja huahirishwa tena, na wasichana wanakua upesi kuliko mazungumzo ya wakubwa.

Na hapa nitoke kidogo nje ya ulichouliza. Wewe na wifi yako mmeshapima? Kipimo cha mlango wa kizazi kinachotumia siki kinapatikana kwenye vituo vingi, hakichukui muda, na wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio wanaohimizwa zaidi. Mmemuuguza mama mdogo, mnahangaikia binti, na nyinyi wenyewe mko katikati hamjatajwa. Wifi anaweza kwenda kupima hukohuko Muheza bila kugombana na mtu. Akiwa pale atakaa na nesi, atauliza ya binti kwa kinywa chake, na huenda akagundua kwamba anaweza kumwambia mumewe jambo ambalo leo anaamini ni wewe tu unayeweza. Anasema wewe ni dada yake, unaweza. Mimi naona kwa jambo hili, baada ya yaliyotokea, huenda udada ndio unaokupunguzia nguvu, na sauti ya mama wa mtoto ikasikika zaidi. Au isisikike. Yeye ndiye anayejua mumewe hulainika saa ngapi.

Kwa vyovyote, mjibu. "Nitafikiri" uliyompa anaibeba sokoni na nyumbani, na siku za kufunga shule zinakaribia. Mpigie saa ambayo yuko peke yake, umwambie unachoweza na usichoweza, na umwulize kama yuko tayari kwa siku ambayo mumewe atajua. Jibu lake kwa swali hilo lizingatie sana. Kisha niandikie ukishaonana na baba mkubwa.